Itifaki Ambayo Hatukuizingatia: Nilivyojifunza Kumsalimu Mgeni Rasmi Asiyeona

Mwaka juzi, katika mahafali ya kidato cha nne ya shule ninayofundisha hapa Dar es Salaam, nilikabidhiwa jukumu la kumpokea mgeni rasmi. Mgeni mwenyewe alikuwa mhadhiri mstaafu asiyeona, mtu mwenye heshima zake, ambaye bodi ya shule ilimwalika kwa sababu ya kazi aliyoifanya katika elimu. Tulikuwa na wiki tatu za kujiandaa. Katika wiki hizo kamati ilikutana mara tano, ikajadili maua, keki, rangi za vitambaa vya meza kuu, matarumbeta na chakula, na ikatumia zaidi ya shilingi 400,000 kwa mapambo peke yake. Hakuna kikao hata kimoja ambamo tulijiuliza tutamsalimu vipi, na hakuna aliyempigia simu kumuuliza. Ninaandika haya kwa sababu kamati nyingi za harusi, mahafali na hafla za kuagana zitampokea mgeni kama huyo siku moja, na sioni kwa nini kila kamati ianze na makosa yetu.

Gari lake liliingia getini saa nne na robo asubuhi, na matarumbeta yakaanza kupigwa papo hapo kama tulivyopanga. Alishuka akifuatana na binti yake, akakunjua fimbo yake nyeupe, akaigusisha chini mara moja, kisha akasimama wima akigeuza kichwa taratibu kushoto na kulia. Leo ninajua kwamba alikuwa anatafuta sauti ya mtu. Mkuu wa shule alikuwa hatua mbili mbele yake, ameinama kidogo na kunyoosha mkono. Wajumbe wa bodi walikuwa wamejipanga nyuma ya mkuu wa shule wakitabasamu, na mjumbe mmoja, mama wa Kiislamu, aliweka kiganja kifuani kama anavyowasalimu wanaume siku zote. Sisi walimu wanawake tulikunja magoti. Kila heshima tuliyompa ilikuwa ya kutazamwa, na ile ambayo ingemfikia, yaani sauti, ilimezwa na matarumbeta.

Nilipoona kimya kile kinarefuka, nilifanya kosa langu la kwanza. Nilimfuata ubavuni, nikamshika mkono wa kulia, uleule uliokuwa na fimbo, nikaanza kumvuta kuelekea ofisini huku nikisema kwa sauti kubwa mno, kama ninayezungumza na mtu asiyesikia, "Karibu Mzee, huku, huku." Alishtuka, mwili ukamkakamaa, na ncha ya fimbo ikabaki inaning'inia hewani. Akauliza kwa upole, "Ni nani mwenzangu?" Nikajibu, "Ni mimi, Mzee." Hatukuwa tumewahi kukutana hata mara moja, nami nikamjibu kana kwamba tuliishi nyumba moja. Na hilo "huku" nililokuwa ninalirudia ni neno linalotegemea kidole cha msemaji. Kwa mtu asiyekiona kidole hicho, halina upande wala umbali.

Jambo la shikamoo nimelitafakari kuliko yote, kwa sababu ndilo linalotuhusu sisi zaidi. Kwa desturi yetu, mdogo ndiye anayeanza, na mkubwa anaitikia marahaba. Tunaanza kwa kutazama: tunaona mvi, tunaona mwendo, tunaona mavazi, tukishapima umri tunajua nani aanze. Asiyeona hupima kwa sauti, na mtu asipotoa sauti hakuna cha kupima. Mgeni wetu hakuweza kuanza yeye, kwa sababu hakujua kama aliye mbele yake ni mwanafunzi au ni mzee aliyemzidi umri. Sisi tuliokuwa wadogo tuliinama kimya, tukiamini tumemwamkia. Baadaye aliniambia kwamba kwa miaka mingi watu wamemwita mwenye kiburi kwa kuwa "anapita bila kusalimu", na kwamba akiwa kijana aliwahi kumpa shikamoo mtoto wa darasa la sita aliyekuwa na sauti nzito, watu waliokuwa kibarazani wakacheka. Alinieleza hayo bila hasira, lakini niliona kwamba hakuyasahau.

Kwa hiyo mdogo aanze, aanze kwa sauti ya kawaida, na ajitaje hapo hapo: "Shikamoo Mzee, ninaitwa fulani, ni mwalimu wa Kiswahili, nipo mbele yako." Penye watu wengi ni vizuri kutanguliza jina au cheo cha unayemsalimu, kwa sababu shikamoo iliyotupwa katikati ya kundi haijulikani ni ya nani, na asiyeona hubaki akisita kati ya kuitikia salamu isiyo yake na kuipuuza iliyo yake. Kama unataka kumpa mkono, sema, "Nakupa mkono, Mzee," au, akiwa ameshanyoosha wake, uguse kwa kiganja chako bila kuchelewa. Na yule ambaye dini yake haimruhusu kushikana mikono na mtu wa jinsia nyingine asiye maharimu wake, ambao hapa Dar es Salaam ni wengi, aseme tu kwa heshima, "Ninakusalimu kwa sauti, Mzee." Mkono wa kifuani hauonekani, na siku ile mkono wa mgeni wetu ulikaa hewani mbele ya mama yule hadi binti yake alipomnong'oneza.

Tulipofika ofisini nilifanya kosa la pili, ambalo ninadhani ndilo la kawaida kuliko yote. Nilimtazama binti, nikamuuliza, "Mzee atakunywa nini, maji au soda?" Binti akanijibu kwa adabu, "Dada, Mzee yupo, muulize mwenyewe." Uso ulinichoma. Dakika chache baadaye nikarudia kosa lilelile kwa namna nyingine, nilipomkabidhi binti kitabu cha wageni na kumwomba amwandikie baba yake. Mzee alisikia karatasi zikifunuliwa. Akaomba kitabu, akaomba kadi yoyote ngumu, nikampa kadi yake ya mwaliko. Akamwomba binti auweke ukingo wa kadi juu ya mstari wa jina lake, akaupapasa ukingo ule kwa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akaandika jina lake na sahihi, kalamu ikiteleza juu ya ukingo bila kupanda wala kushuka. Mstari wake ulinyooka kuliko wa afisa aliyesaini juu yake. Nilisimama nikitazama mkono ule, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba tangu asubuhi nilikuwa ninamfanyia mtu mambo ambayo hakuniomba.

Kisha wakaja maskauti. Kila anayehudhuria mahafali za shule zetu anaijua sehemu hii: kijana anapiga hatua kwa ukakamavu, anapiga saluti, anamvisha mgeni rasmi skafu, anapiga saluti tena, anarudi. Kijana wetu alifanya yote hayo kwa ustadi na bila neno. Mgeni alichokisikia ni kishindo cha buti kinachomjia, kikasimama, kisha kitu kikamgusa shingoni kutoka mbele. Aliinua mikono yote miwili kwa ghafla kujikinga. Baadhi ya wanafunzi walicheka, na ninakiri kwamba sikuwanyamazisha mara moja kwa sababu na mimi niliduwaa. Sentensi moja tu ingetosha: "Shikamoo Mzee, mimi ni skauti, naomba ruhusa nikuvishe skafu." Hali kadhalika shada la maua, ambalo msichana mdogo alimsukumia tumboni akidhani atalipokea.

Mshereheshaji naye alifungua kwa maneno ambayo sote tumezoea, kwamba itifaki imezingatiwa, kisha akamtambulisha mgeni kuwa ni mtu ambaye "ingawa ni kipofu, anaona kwa moyo". Ukumbi ulipiga makofi. Mgeni alitabasamu tabasamu la adabu. Neno kipofu lipo katika kamusi na wapo wanaolitumia bila nia mbaya, lakini wengi wanaohusika hupendelea "mtu asiyeona", na hata hilo halina ulazima wa kutajwa mbele ya jina na sifa za mtu. Upande wa pili, nisingependa msomaji aogope kila neno. Mgeni wetu mwenyewe alituambia mezani kwamba jana yake "aliona taarifa ya habari", na alipoagana na mwenyekiti wa bodi alisema, "Tutaonana, Mungu akipenda." Nilikuwa nimeshaanza kuliepuka neno kuona katika kila sentensi, jambo lililonifanya niongee kama mtu anayetembea juu ya miiba.

Ulipofika wakati wa kutoa vyeti nilikuwa nimesimama nyuma yake nikitaja majina. Wanafunzi walikuwa zaidi ya 100. Wa kwanza alikuja, akanyoosha mkono kimya, akasubiri. Mgeni naye alinyoosha wake, kiasi cha shubiri moja kando, akasubiri. Mikono miwili ilisimama hewani jirani kabisa bila kukutana, mpaka nikaishika nikaikutanisha kama mtu anayefunga kamba. Ikawa hivyo kwa wa pili, wa tatu, wa nne. Wa tano au wa sita alikuwa msichana mmoja wa mkondo wa sayansi, mtulivu, ambaye sikuwahi kumsikia akizungumza sana darasani. Alifika akasema, "Shikamoo Mzee," akataja jina lake, akasema, "Mkono wangu huu hapa," na kwa nyuma ya vidole vyake akagusa kidogo nyuma ya mkono wa mgeni. Mgeni akaufuata mguso ule, akaushika mkono, akauliza, "Unataka kusomea nini, mwanangu?" Wakazungumza kwa sekunde chache. Cheti alimpa kwa mkono wa kushoto huku wameshikana kwa wa kulia. Waliokuwa nyuma yake kwenye mstari waliona, na kuanzia hapo kila mmoja alijitaja na kugusa. Mstari ulikwenda polepole zaidi, mshereheshaji akawa ananionyesha saa yake, nami kwa mara ya kwanza siku hiyo nilifanya jambo sahihi, nikamwacha aionyeshe. Nilipomuuliza msichana yule baadaye alijifunza wapi, alisema bibi yake aliyemlea Mbagala haoni, kwa hiyo hajui salamu nyingine.

Kosa ambalo bado linanipa fedheha ninapolikumbuka lilitokea wakati wa chakula. Nilikuwa nimeketi karibu naye, binti yake ametoka kwenda kunawa. Alikuwa ananieleza jinsi alivyofundishwa utotoni nukta nundu, yaani maandishi ya nukta sita yanayosomwa kwa vidole. Mkuu wa shule akaniita kwa ishara ya mkono, nami nikainuka taratibu, nikaondoka, nikidhani kuondoka kimya ndiyo heshima kwa mtu anayezungumza. Nilichelewa dakika tatu au nne. Niliporudi alikuwa bado anazungumza, uso ameuelekeza kwenye kiti changu kitupu, na watu wa meza ya jirani wameacha kula wanatazama. Nilikaa. Akanyamaza ghafla, akauliza, "Mwalimu, upo?" Nikasema, "Nipo, Mzee." Alijua. Hakuendelea na hadithi ile, na mpaka leo sijaisikia mwisho wake.

Nililala vibaya usiku huo. Siku ya tatu nilimpigia simu kuomba radhi, na nilimweleza kila kosa kwa jina lake, pamoja na lile la kiti. Aliniambia kwamba kuaga ni sehemu ya salamu, kwamba mtu anayeona humwona mwenzake akiinuka, lakini yeye huhitaji kuambiwa, "Mzee, ninatoka kidogo, nitarudi," au, "Ninakuacha na mwalimu wa hesabu, amekaa kushoto kwako." Aliniambia pia kuhusu mtu mmoja aliyemfuata meza kuu siku ile, akamshika mkono asiuachie, akawa anasema kwa furaha, "Mwalimu, nitambue mimi ni nani!" Ni mchezo anaokutana nao karibu kila hafla. Kati ya mamia ya watu aliowafundisha kwa zaidi ya miaka 30, na ukumbi ukiwa na spika pembeni ya sikio lake, anatakiwa afanye mtihani hadharani ili mwingine afurahi. Ukimpenda mwalimu wako, jitaje.

Katika kikao cha tathmini nilisoma ripoti yangu bila kuficha kitu. Mjumbe mmoja alisema kwamba shule haikuvunja Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, kwani mlangoni tuna njia ya mteremko na vyoo vinafikika. Ni kweli, na ninashukuru kwamba nchi yetu ina sheria hiyo na iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Lakini mtu anaweza kupita salama kwenye mteremko wako na kuingia ukumbini, halafu akakaa humo saa nne bila kujua ni nani waliomzunguka. Tulikubaliana kwamba ndani ya jiji hili, ambamo shule kama Uhuru Mchanganyiko imekuwa ikisomesha watoto wasioona pamoja na wanaoona, hatukuwa na kisingizio cha kutojua pa kuuliza.

Mwezi Machi uliofuata tulikuwa na hafla ya kumuaga mkuu wa shule aliyestaafu, na kwa ombi lake tulimwalika tena mzee yule. Safari hii nilimpigia simu wiki mbili kabla. Nilikuwa nimepanga kutafuta mtu wa kutuchapishia ratiba kwa nukta nundu, lakini alisema angependa zaidi ratiba na risala nimtumie kwa simu kama maandishi ya kawaida, kwa sababu simu yake humsomea kwa sauti. Nisimtumie picha ya karatasi, maana hiyo husomeka kwa taabu au haisomeki kabisa. Aliniasa nisidhani kila asiyeona ni kama yeye. Wapo waliopoteza uwezo wa kuona ukubwani kwa glakoma au mtoto wa jicho na hawakuwahi kujifunza zile nukta sita, wapo wanaoona mwanga au kivuli cha mtu, na wapo wasiotumia fimbo. Nilimuuliza pia angependa kuongozwa vipi. Alisema nisimame kando yake, nimguse kwa kiwiko, yeye atanishika juu ya kiwiko na kutembea nusu hatua nyuma yangu; fimbo abaki nayo mwenyewe, wala mtu asiichukue kwenda kuiegemeza ukutani "isije ikamkwaza mtu", kama kijana wetu mmoja alivyofanya kwenye mahafali.

Siku ya hafla tuliyazuia matarumbeta mpaka salamu ziishe, jambo lililowaudhi wapigaji, tukawaeleza sababu wakaelewa. Kila aliyekuwa kwenye mstari wa mapokezi alijitaja kwa jina na kazi. Kwenye ngazi nilisimama kidogo nikasema, "Ngazi tatu za kupanda, Mzee," na kwenye kiti niliuweka mkono wake juu ya egemeo, yeye akajiketisha. Spika tuliisogeza mbali na meza kuu. Alipokaa nilimweleza nani yuko kulia, nani kushoto, na nani mbele, kisha nikawaomba wao wenyewe wamsalimu ili azijue sauti zao.

Hata hivyo nilikosea tena, safari hii kwa kuzidisha. Hotuba zilipoanza niliinama sikioni mwake nikawa ninamsimulia kila kitu: nani ameinuka, amevaa nini, nani anapiga picha. Baada ya muda alinigusa mkono akasema, "Mwalimu, ahsante, sasa niache nisikilize." Wakati wa chakula nilitaka kutumia mbinu niliyoisikia ya kueleza sahani kama uso wa saa, nikasema nyama ipo saa tatu. Akauliza, "Saa tatu tunayoisema, au tatu iliyoandikwa?" Ni kweli: saa tatu yetu mshale husimama kwenye tisa, upande wa pili kabisa wa sahani. Tukaafikiana kusema kulia, kushoto, karibu na wewe, mbali na wewe, na wali wake ukaliwa kwa amani.

Jioni nilimsindikiza hadi kwenye gari, ameshika kiwiko changu, binti yake ametangulia kufungua mlango. Nilimwekea mkono juu ya ukingo wa mlango ili ajue paa liko wapi, akaingia, akakunja fimbo yake pingili kwa pingili. Nikasema, "Mzee, mimi ni yule mwalimu wa Kiswahili, bado nipo hapa dirishani. Ninakuaga, ninarudi ukumbini." Akanyoosha mkono, nikaupokea. "Haya, mwanangu," akasema. "Nenda, nitasikia viatu vyako."